Msomaji wa Bidi na Sura Aliyoiruka

Saa tano asubuhi, chai imekwisha. Kanaran anafuta miwani kwa ncha ya shuka lake na kufungua kitabu. Mbele yake, katika karakana ya ushirika pembezoni mwa mji wa Kannur, kusini mwa India, wafanyakazi ishirini na wawili wamepakata nyungo zao wakisokota bidi, zile sigara ndogo za majani.

Yeye hasokoti. Ni msomaji, na kila mwenzake humsokotea bidi arobaini kwa siku ili naye apate ujira wake, rupia mia nne na ushee. Asubuhi ni gazeti, baada ya chai ni kitabu cha siasa, na hakuna ukurasa unaopita bila kuhojiwa.

Kitabu cha leo ni historia ya kisiwa kilichowatimua wakoloni.

"Sukari ilisafirishwa na kampuni," anasoma.

"Kampuni ya nani? Na aliyebeba magunia alipata nini?" anadakia Nanu, kijana wa chama cha kikomunisti.

"Alipata kibiongo," anajibu mama mtu mzima, Yashoda. Wanaangua kicheko.

Kanaran anafunua kurasa. "Sura ya nane."

Vilasini, aliyekaa karibu na mlango, anaacha kusokota. "Ndugu Kanaran, ya saba umemwachia nani?"

Binti wa Vilasini ameazima nakala nyingine maktaba, na Jumapili mama mtu ameisoma. Katika sura hiyo, serikali ya mapinduzi inawafunga makuli wa bandarini waliogoma.

Kanaran anavua miwani. "Nilihofia adui angeitumia."

"Adui gani? Humu tumo sisi tu!" anasema Vilasini.

"Miaka kumi na tisa nakusokotea," anasema Yashoda. "Nilikupa bidi zangu unisomee. Nani alikutuma unichagulie?"

"Na katika vitabu vingine umeruka?" anauliza Nanu.

"Katika vitano," anakiri Kanaran.

Mikono yote imesimama, mahali ambapo mkono ukisimama ujira unapungua. Wanakubaliana: Jumamosi watapiga kura kama abaki kitini au arudi kusokota. Inaniuma kutazama, mimi mgeni niliyeketi kando. Nusu ya waliomo humu wamejifunza kuhoji kutoka kwake.

Mchana wali wake na samaki vinapoa. Ana miaka sitini na mmoja, na vidole vimesahau kazi. "Sifikishi hata bidi mia tatu kwa siku," ananiambia. "Tutakula nini na mke wangu?"

Lakini si hilo tu linalomnyima raha. Mwanzoni aliruka kurasa mbili tu, akidhani anawalinda wenzake. Baadaye ikawa mazoea.

"Naogopa nikiisoma, Nanu asikanyage tena mkutano wa chama."

Na asipoisoma? namuuliza.

Anasukuma sahani. "Basi mimi na yule bwana wa kampuni ya sukari tuna tofauti gani? Yeye naye aliamua kuli ajue nini, asijue nini."

Hataki kuingoja Jumamosi. Kesho baada ya chai ataisoma sura ya saba yote, kisha kurasa alizoziruka katika vile vitano. Anafungua kitabu na kunionyesha orodha ya waliofungwa, makuli thelathini na mmoja. Anaweka kidole juu ya jina la kwanza.

"Nitaanza na majina haya, moja moja," anasema. "Wakitaka kuniondoa, waniondoe wakishayasikia."