Mkuu wa Idara ya Tarakilishi

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na dini. Nilipopelekwa kufundisha katika shule moja ya kutwa chini ya Siakago, upande wa kuelekea Kiambere, nilijua kuiwasha kompyuta na kuizima, basi. Nalisema hili mapema kwa sababu wiki tatu baadaye nilikuwa mkuu wa idara ya kompyuta.

Shule ilikuwa na kompyuta kumi za msaada, kila moja imefunikwa leso kama chakula cha wageni, na hakuna hata moja iliyokuwa na mtandao. Modemu ya ofisi ilikuwa imewaka taa nyekundu tangu alipohama mwalimu aliyeinunua. Kila kitu cha kutumwa kilipelekwa Siakago kwa pikipiki, mpaka saiba, kile kibanda cha kulipia mtandao. Ijumaa moja nilimkuta naibu wa mwalimu mkuu ameketi ofisini, kashika kichwa. Majina ya watahiniwa wa kidato cha nne yalitakiwa kuingia kwenye tovuti ya mitihani kabla ya saa kumi na moja, na mwenye saiba alikuwa amefunga akaenda mazishini. Walimu wakatoa simu zao mmoja mmoja, wakazitazama kwa huzuni, wakasema huku chini hazishiki. Mimi nilikuwa mgeni, na mgeni hajui wakati wa kunyamaza. Nikasema yangu inashika kidogo pale dirishani, na kwamba inaweza kuigawia kompyuta mtandao.

Majina yaliingia yote saa kumi na dakika hamsini. Jumatatu, mbele ya gwaride, mwalimu mkuu alitangaza kwamba Mungu ameikumbuka shule. Mwisho wa mwezi nikapewa barua ya kuwa mkuu wa idara. Nilipomwambia kwamba sikusomea mambo hayo, alinijibu kwa upole kwamba mimi ndiye mwalimu pekee ambaye yeye amewahi kumsikia akisema "tarakilishi".

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mtaratibu, mzee wa kanisa, asiyepandisha sauti hata kwa mwanafunzi aliyevunja kioo. Hakuniamuru jambo hata siku moja. Aliomba tu. Aliomba nihamie meza ya dirishani, ingawa jua la mchana liligonga hapo moja kwa moja. Kisha akaomba ratiba ipangwe upya, kwa sababu nilipokwenda kufundisha kidato cha pili kule ng'ambo ya uwanja, mtandao nao ulikwenda kufundisha kidato cha pili. Kidato cha pili kikahamishiwa karibu na ofisi. Maabara ikahama kukipisha. Mwalimu wa kemia hakunisalimia muhula mzima.

Nywila niliyoweka ilikuwa "ndengu", nikidhani hakuna atakayeikisia katika eneo ambalo kila shamba limepandwa ndengu. Kufikia Jumatano mpishi alikuwa akitazama mahubiri jikoni. Simu ilipata joto hadi nikawa naifunga kitambaa chenye maji, na wanafunzi wakaanza kusema madam ana mgonjwa.

Tatizo kubwa lilikuwa simu kupigwa. Mtu akinipigia, mtandao ulikatika mara moja. Siku mume wangu aliponipigia kutoka Embu kuniambia mtoto ana homa, mwalimu mkuu alikuwa kwenye mkutano wa video na wakuu wenzake wa kaunti, na ilikuwa ndiyo kwanza amepewa nafasi ya kuzungumza. Alinijia koridoni, akampa mtoto pole, akaahidi kumwombea. Kisha akauliza kama ningeweza kuwaeleza watu wangu wawe wananipigia baada ya saa kumi.

Nyumba yetu ilikuwa mjini Embu, mtaa wa Dallas. Nilikuwa nikikaa Siakago katika chumba cha kupanga Jumatatu hadi Ijumaa, na binti yangu wa gredi ya tatu alikuwa ameanza kumwita jirani "mama" bila kujikwaa. Kwa hiyo nikaomba uhamisho. Fomu niliijaza kwa mtandao wangu mwenyewe, nikiwa dirishani. Mwalimu mkuu alitakiwa kuandika maoni yake, na alinihakikishia kwamba ataandika mambo mazuri tu.

Alasiri aliyoyatuma, mawingu yalikuwa yametanda na mtandao ulikuwa hafifu. Alitoka ofisini akaniomba niinue simu kidogo. Nikapanda kwenye kiti, nikanyoosha mkono juu ya wavu wa dirisha, nikasimama hivyo kwa dakika kumi hivi. Bega liliuma, lakini nilisimama kwa furaha. Katika maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kuona barua inayonihusu ikiondoka kwa jasho langu mwenyewe namna ile.

"Imeenda," akasema hatimaye. "Mungu akubariki, Madam."

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Ombi lilikuwa limekataliwa, kwa kuwa mkuu wa shule ameshauri kwamba mwalimu huyu ni nguzo ya mawasiliano ya taasisi na hana wa kumrithi. Nililisoma pale pale dirishani, kisha nikaenda nalo ofisini.

Hakuona haya. Nadhani hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliisoma barua polepole, akatikisa kichwa kama anayesoma msiba wa mtu mwingine.

"Lakini mimi nilikusifu," akasema. "Hakuna neno moja baya hapo."

"Ulinisifu mpaka nikabaki," nikamwambia.

Akanirudishia barua, akauliza kama naweza kumwachia mtandao dakika tano, kuna ripoti ya kamati iliyokuwa inasubiriwa. Nikamwachia. Sijivunii jambo hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu iliyofuata nilikuja kazini na kabambe, simu ya vibonyezo yenye tochi. Ile nyingine niliiacha Dallas, mtoto aitumie kwa kazi za shule. Sikumdanganya mtu. Nilisema tu kwamba simu iko nyumbani. Naibu aliitazama kabambe juu ya meza kama aliyeona nyoka. Siku mbili pikipiki zilikwenda na kurudi Siakago. Siku ya tatu mwalimu mkuu aliitisha mkutano wa dharura na kuuliza, kwa sauti ile ile ya upole, kama hakuna mwingine yeyote mwenye simu inayoshika.

Walimu wakatazama sakafu. Ndipo karani wa shule, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za mkutano, akaweka kalamu chini.

"Hii yangu inashika," akasema. "Inashikanga tu. Hata hapa ndani."

Hakuna aliyemuuliza kwa nini hakusema miezi yote ile. Nilitazama nyuso za wenzangu nikaona wawili au watatu wamezidi kuinamisha vichwa, nikaelewa kwamba simu zilizokuwa hazishiki zilikuwa chache kuliko nilivyoaminishwa.

Mwezi uliofuata mwalimu mkuu mwenyewe aliniambia nijaze fomu tena. Safari hii maoni yake yalipita kwa mtandao wa karani, na uhamisho ukatoka haraka ajabu. Nakala ya maoni hayo ninayo mpaka leo. Inasema kwamba shule inaweza kuendelea vizuri bila mwalimu huyu. Nilikuwa nimeitafuta sentensi hiyo kwa muda mrefu, na nilipoipata ilinikera wiki nzima. Nilimsomea hata mume wangu kwa simu, nikimuuliza kama haoni kwamba "vizuri" haikuwa na kazi hapo. Akasema nipange vitu nirudi nyumbani.

Siku ya kuondoka nilipita kwa karani kumuaga. Meza yake ilikuwa imesogezwa karibu na mlango wa mwalimu mkuu, na simu yake ilikuwa imelazwa juu ya sahani ya bati ili ipoe. Nilimshukuru. Nikamwambia pia, kwa kuwa dhamiri ilinisuta, kwamba sasa hawatamwachilia.

"Mimi nastaafu Desemba," akasema, akiendelea kupiga chapa. "Mwache tu afurahi."