Ng'ombe wa Kefa Warudi Nyumbani Mchana

SEPUKA, 1954 – Saa mbili asubuhi, kichwa cha Kefa hakionekani tena. Inaonekana kamba tu, ikishuka na ndoo tupu, ikipanda na ndoo ya udongo. Leo udongo umeanza kuwa mbichi, na Mzee Gasto, mwenye shamba, anatabasamu peke yake.

Kefa ni fundi wa visima. Kisima kifupi hulipwa shilingi ishirini na chakula cha mchana. Kirefu kama hiki hulipwa mtamba mmoja.

Basi mtu angeuliza: mitamba hao wote wako wapi? Kwa miaka mingi Kefa alijulikana hapa kama maskini mchapakazi. Nyumba yake ya tembe ilivuja, na shamba la mkewe Dorkas lilikuwa mchanga mtupu, halina samadi hata ya kudanganyia. Kumbe bwana huyu alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja!

Kumpa rafiki wa mbali ng'ombe akutunzie si jambo geni huku. Mtunzaji hupata maziwa na samadi, mwenyewe huhesabu ndama. Lakini Kefa alipitiliza: wenye visima waliombwa wasiseme, na ng'ombe wa malipo walipelekwa usiku kwa rafiki zake. Wengine aliwapeleka mpaka Kinampanda, na hata mkewe hakumwambia. Angefukiwa kisimani siku moja, mali yote ingepotea naye.

“Ng'ombe wakijulikana, ndugu wanakuja, na jicho baya linakuja, na karani wa kodi ya Mwingereza naye anakuja,” anasema. “Niliona aliyefanikiwa ni yule asiyeombwa kitu.”

Na wakati wote huo Jumapili haikumpita. Aliimba kwa sauti kuliko wazee wa kanisa.

Mambo yalimgeukia jioni moja mwaka jana, baada ya mavuno mabaya. Dorkas aliongoza sala ya chakula. Akamwomba Mungu aitazame mikono ya mume wake iliyochubuka, ampe walau mtamba mmoja, apate samadi ya shamba.

“Amina haikutoka,” anasema Kefa. “Nikajifanya nakohoa.”

Usingizi ukawa wa shida tangu hapo. Anasema aliona aibu, aibu ya kweli. Roho yake alikuwa amemkabidhi Mungu, lakini ng'ombe wake alikuwa amemficha Mungu huyo huyo.

Akaenda kuwakusanya. Angeweza kuwaingiza gizani, lakini alisubiri Jumapili, watu wanatoka ibadani, akawapitisha katikati yao. Jasho lilimtoka kuliko akiwa kisimani.

Alitegemea vigelegele nyumbani. Dorkas aliuliza ni wa nani, akaambiwa, akakaa chini akalia.

“Miaka yote nimemsumbua Mungu kwa kitu alichokwisha kutupa,” alimwambia mumewe. Baada ya hapo alimpakulia chakula bila neno, na Kefa akala, akijua amestahili.

Ndugu nao walikuja, kama alivyoogopa. Mmoja alipewa dume, mwingine akaambiwa hapana na akaondoka amenuna. Karani alikuja, akalipwa. “Sikufa,” anasema Kefa, anacheka.

Kisha Dorkas akavunja ukimya. Alisema ng'ombe wawili waende kwa jirani yao Yustina, mjane, ambaye shamba lake limechoka kuliko lao. Kefa aliwapeleka mwenyewe: maziwa yawe ya Yustina, samadi yake, na ndama wa kwanza wake. Yustina, aliyezoea mambo ya huku, aliuliza awafiche wapi.

“Wafunge mlangoni, dada,” Kefa alimjibu.

Msimu huu uwele wa Dorkas umempita kimo. Kefa anapanga, mvua zikiisha, kuchimba kisima penye njia ya kanisani, bila malipo, wanywe wa kanisani na wa msikitini.

Mchana maji yanatokea. Kefa anapanda juu, tope mpaka nyusi. Mzee Gasto anamsogelea, anashusha sauti, anauliza huyu mtamba ampeleke wapi usiku, kwa yule rafiki wa zamani?

“Mlete nyumbani, mzee,” anasema Kefa, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. “Mlete sasa hivi.”

Jioni, mtamba amefungwa mbele ya tembe, Dorkas anasali. Haombi ng'ombe. Anaomba mvua kwa shamba la Yustina na lao. Kabla hajamaliza, Kefa amekwisha kusema amina.