Tandiko Nililompokea Mzee

Cheka ukitaka. Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa nne asubuhi, jua linawaka, kwenye uwanja wa mbio za farasi Houston.

Mimi nilikuwa joki, mpanda farasi wa mashindano. Watu wetu wa Dallas wakisikia hivyo huuliza, "Hiyo nayo kazi?" Kazi, tena ya kukausha mtu! Alfajiri uko mazizini unakimbiza farasi wa watu, mchana chakula chako ni kipande cha barafu. Ukizidi paundi moja tu, farasi wako anapewa mwingine. Ndiyo maana kabla ya mbio tunajifungia kwenye chumba cha joto, tutoe jasho.

Siku hiyo nilikuwa nimpande jike mmoja mwekundu niliyemzoeza miezi minne. Akishinda, mwenye farasi angenipa farasi wake wote niwapande msimu mzima. Musa alilijua hilo. Musa wa Arusha, joki mwenzangu, tuliyelala naye chumba kimoja mtaa wa Vickery Meadow, kule Dallas, na kula sufuria moja miaka mitatu. Wiki mbili alikuwa hapati farasi. Hali chochote na uzito haushuki. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbembeleza akilia.

Asubuhi ile akaniambia, "Kaka, mle ndani huwa anaingia mzee wa nyumbani. Mpokee mzigo wake, usituaibishe."

Nikaingia, nikakaa peke yangu. Mlango haukufunguka, niamini, lakini nilipoinua macho mzee alikuwa amesimama mbele yangu, hana tone la jasho, amekumbatia tandiko kuukuu la farasi. Sasa wewe uliyelelewa vizuri ungefanyaje?

"Shikamoo, mzee. Lete nikupokee."

"Marahaba, mwanangu. Umepokea kwa hiari yako?"

"Nimepokea."

Akashusha pumzi ndefu. Nikalivuta lile tandiko kifuani, mikono yangu ikakutana yenyewe kwa yenyewe. Tandiko hakuna, mzee hakuna.

Nikakimbilia mizani. Kabla ya kuingia nilikuwa nimebakiza paundi moja tu ya kupunguza. Sasa nimezidi kumi na mbili! Karani akanipima mara tatu, akaleta mizani nyingine. Yale yale. Mwenye farasi hakunitazama hata usoni, akamwita Musa. Musa akapanda mizani, mwepesi, hana wasiwasi, akaondoka na jike wangu. Wakashinda.

Jioni nilimbana. Akakiri kwamba yeye naye alimpokea yule mzee, na mzee alimwambia atamtua akimletea mtu mwingine.

"Kwa nini mimi, Musa?"

Akainamisha kichwa. "Nani mwingine angenikubalia bila kuuliza?"

Iliniuma, na inaniuma mpaka leo.

Sasa naosha farasi wanaopandwa na wenzangu. Dada yangu, nesi wa Pearland, alinipima akabaki kinywa wazi: mbavu zinaonekana, mizani inasema mtu mnene. Mzee naye ameshanijia mara mbili. Anasema neno moja tu: "Mwingine."

Basi wewe mgeni wa mazizini, siku nikikuita kaka, nikakuomba kwa upole umpokee mzee fulani mzigo, nitukane uende zako. Nimekataa mara mbili. Lakini nimechoka, ndugu yangu, na wewe unaonekana mtu mwenye adabu.