Simu Niliyopigia Juu ya Meli

Dhahabu ya Nyamongo imenijengea nyumba tatu, na darasa la pili sikulimaliza. Kwa hiyo mnicheke taratibu.

Mke wangu, Mama Bhoke, aliapa kurudi kwao Nyanungu nisipoacha kuchimba, maana shimo lilishawahi kunifukia hadi shingoni. Nikamwambia duara, yaani hilo shimo langu la dhahabu, nimeuza. Tukaenda kusherehekea kwenye meli ya matembezi ziwani, siku tatu za kula samaki na kupigwa upepo.

Siku ya pili simu ikalia. Alikuwa Marwa, msimamizi wangu wa shimoni. "Mzee, mwamba ume..." Mtandao ukakata.

Jamani! Nilipanda ngazi mbiombio kutafuta mtandao, kama tunavyopanda mawe kule nyumbani, mpaka chumba cha nahodha. Mlangoni palikuwa na maandishi, lakini mimi maandishi hayajawahi kunizuia. Baharia aliyekuwa akiwatangazia abiria majina ya visiwa aliona mvi zangu, akaweka kipaza sauti mezani.

"Shikamoo mzee, kaa hapa."

Nikakaa kwenye kiti chake. Mtandao ukajaa, nikampigia.

"Marwa! Mwamba umejibu, dhahabu imeonekana? Chimbeni! Duara ni langu, sijauza hata kokoto! Ila Mama Bhoke asijue!"

Nikasikia sauti yangu ikirudi kutoka kila kona ya meli: "Asijue!" Chini, abiria wakaangua kicheko. Kile kipaza sauti hakikuzimwa.

"Ameshajua," akasema Mama Bhoke, amesimama mlangoni. "Huyo Marwa mwambie aje akupikie. Mimi bandari inayofuata nashuka."