Mtani Aliyekuja na Barakoa

Haya ninayokusimulia yalitokea, tena mchana, jua likiwa limechungulia kidogo baada ya mvua. Nasema mchana kwa sababu najua unachotaka kufikiri. Mimi nina gesti pale Mikumi, kando ya barabara kuu, na miaka yote madereva wa malori wamenisimulia habari za wanawake wenye kwato wanaoomba lifti kule mbugani. Huwa nawasikiliza, nawapa ufunguo wa chumba, naenda kulala. Siamini upesi. Kwa hiyo ukiniona nimekaa chini kukueleza jambo la namna hii, ujue nimeshajaribu kila njia ya kulikanusha nikashindwa.

Ilikuwa masika ya mwaka ule wa corona. Unaukumbuka. Shule zimefungwa, watalii hakuna, malori ya kuhesabu, na kila mlango una ndoo ya maji yenye koki na kipande cha sabuni. Gesti yangu ilikuwa tupu mpaka panya wakahama. Ukoo wetu umetawanyika: wengine Dar, wengine Morogoro na Mbeya, mimi Mikumi, na wazee wetu, Baba mkubwa na mkewe, wako Chanzuru, karibu na Kilosa mjini. Tulikubaliana mtu asiende kwa wazee, tusije tukawapelekea ugonjwa. Binti yao, Neema, aliyeko Dar, akafungua grupu la WhatsApp, na humo tukawa tunatumiana sala na picha za vyungu vya kujifukizia, limao na tangawizi na majani mengine ambayo hakuna aliyeyajua jina.

Lakini aliyetuunganisha hasa hakuwa kwenye grupu. Alikuwa Baba mkubwa Danieli, kaka yake marehemu baba yangu, na simu yake ilikuwa ya kitochi. Kila jioni alipiga nyumba moja baada ya nyingine, na swali lake lilikuwa lile lile. Unampa shikamoo, anaitika marahaba haraka haraka, halafu: "Mmekula nini?" Unamjibu, ugali na mlenda, au wali maharage. Anasema, "Basi," anakata. Kwaheri hakuna. Hata ukiwa na shida ya kumweleza, umeshachelewa. Tulimcheka sana kwa hilo, na bado jioni ikifika kila mmoja wetu alikuwa hakai mbali na simu yake.

Mvua zilipozidi, moyo wake ulisimama asubuhi moja akiwa anafunga kamba za viatu. Haikuwa corona, alikuwa na presha siku nyingi. Lakini nani alitaka maelezo wakati ule? Viongozi wa kijiji walisema azikwe upesi, wazikaji wawe wachache, na watu wasilale matanga. Nilipanda Costa na barakoa mbili usoni, nikafika Chanzuru kaburi limeshachimbwa. Kati ya watoto wote wa ukoo nilikuwa peke yangu. Wengine waliyaona mazishi kwa simu niliyoinyanyua juu mpaka mkono ukaniuma, mtandao ukikatika kila mara mchungaji alipofungua mdomo.

Na mtani hakuwepo.

Nikueleze kidogo kama hujui mambo ya kwetu. Ukoo wetu una watani wake, ukoo mwingine ambao tangu zamani wanatutukana na sisi tunawatukana, na hakuna kununa. Msiba ukitokea, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufanya yale ambayo wafiwa hawawezi. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anadai chakula, mpaka watu wanaangua kicheko huku machozi yanawatoka. Wetu alikuwa Mzee Zebedayo wa Munisagara, kule kwenye njia ya reli. Mrefu, mwembamba, umbo moja na Baba mkubwa, na kwa kuigiza hana mpinzani. Bibi yangu alipofariki, Zebedayo alivaa gauni lake akapita uani akigombana na kuku, na mchungaji mwenyewe akashindwa kusimama kwa kicheko. Safari hii tulimpigia hapatikani. Maji yalikuwa yamekata njia, na Munisagara hapakuwa na mtandao.

Mama mkubwa Damari, mkewe Danieli, hakulia kaburini. Alirudi akakaa kwenye mkeka barazani, akasema, "Danieli amezikwa kama mtu asiye na watani." Baada ya hapo akanyamaza, na akakataa kula.

Utasema ni huzuni, itapita. Lakini Mama mkubwa ana kisukari. Muuguzi wa zahanati alipita, akasimama mbali, akaniambia wazi kwamba vile vidonge bila chakula vitamwangusha, na bila vidonge ataanguka vilevile. "Dada, hakikisha huyu mama anakula. Sina maneno mengine." Nikapika uji, akautazama mpaka ukapoa. Nikapika ndizi, akazisogeza kando. Ndugu wakapiga simu mmoja mmoja wakimbembeleza. Nilimwekea simu sikioni, hakufungua mdomo. Neema akaandika kwenye grupu: "Dada, baba tumemzika kwa simu. Mama tusimzike hivyo." Nasema ukweli, niliogopa kuliko nilivyowahi kuiogopa corona yenyewe.

Siku ambayo ingekuwa ya kuanua tanga, mvua ilikatika mchana. Nilikuwa naanika nguo. Majirani wachache walikuwa wamekaa uani, mbalimbali, kila mtu na kigoda chake. Ndipo mtani akaingia.

Alikuja kwa miguu. Kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, na barakoa ya kitenge imefunika yaliyobaki. Amevaa koti la kijivu la Baba mkubwa, lile la kanisani. Jirani mmoja akapiga makofi: "Zebedayo huyo, kafika!" Nikamwambia, "Shikamoo, mtani." Akainua mkono tu, hakuitika. Akaenda kwenye ndoo akanawa kwa sabuni, kidole kimoja kimoja, mpaka nikasema moyoni huyu naye corona imemwingia kichwani. Ulitaka nifikiri nini? Hakuitika salamu: corona. Hakumpa mtu mkono: corona. Hakushusha barakoa: corona. Mwaka ule tulikuwa na jibu moja la kila kitu. Na koti alilipata wapi? Hata sikujiuliza, maana mtani siku zote hupewa nguo ya marehemu.

Halafu akaanza. Alivuka ua akiburuta mguu wa kushoto, ule ambao Baba mkubwa aliumia kwa pikipiki. Akafika kwenye nguzo ya baraza akaitikisa, kuona kama mchwa wameingia, na Baba mkubwa hakuwahi kuipita nguzo ile bila kuitikisa. Akakohoa kile kikohozi cha kuwajulisha walio ndani kwamba mwenye nyumba anaingia. Watu wakaanza kucheka chinichini. Niliwasha simu nikapiga video kwenye grupu, ndugu wakaingia. Neema akapaza sauti: "Jamani, mtani huyu! Baba mtupu!" Akacheka, akalia, akacheka tena. Kwa hiyo usiniambie kwamba nilimwona peke yangu.

Mtani akapanda barazani, akasimama mbele ya mkeka. Akatoa mkono mtupu mfukoni, akauweka sikioni kama anaongea na simu.

"Mmekula nini?"

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko. Mama mkubwa alimtazama kuanzia kofia mpaka miguu, akarudi akalitazama koti, akalitazama sana. Kisha akacheka. Alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani, na machozi aliyoyazuia tangu kaburini yakatoka yote.

"Mchawi mkubwa wewe," akasema. "Umesikia harufu ya wali ndiyo umekuja."

"Mmekula nini?"

"Bado. Sijala."

"Leteni."

Nilikimbia jikoni. Nikaleta sahani mbili za wali na kuku, ya Mama mkubwa na ya mtani. Mama mkubwa alikula wali wote, polepole, bila kumwondolea macho yule mtu aliyechuchumaa mbele yake kimya. Sahani ya mtani haikuguswa. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, niamini, kwa sababu tangu nizaliwe sijaona mtani anayekataa kuku wa msibani. Nikajiambia hataki kushusha barakoa mbele za watu.

Mama mkubwa alipomeza vidonge vyake, mtani aliinuka, akasema, "Basi," akashuka barazani. Nilimfuata mpaka nyuma ya nyumba, nikamwomba ashushe barakoa nimpige picha ya kuweka kwenye grupu. Akageuka. Macho yalikuwa yamechoka, na yalinitazama kama mtu anayenijua tangu natambaa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, bila mzaha:

"Na wewe umekula nini?"

Sikuwa nimekula tangu jana yake. Kwa kuhangaika na Mama mkubwa nilijisahau, na hakuna niliyemwambia.

"Nitakula, mtani."

"Kula sasa."

Bado nikaona ni utani. Mkungu wa ndizi mbivu ulikuwa umeegemezwa ukutani. Nikachuma moja nikaimenya, nikala nimeinamisha kichwa kama mtoto aliyegombezwa. Nilipoinua macho hapakuwa na mtu. Njia ile ya nyuma haitokei barabarani. Inaishia shambani, tulikomzika Baba mkubwa. Mvua ikaanza tena, nikarudi kuanua nguo.

Siku chache baadaye maji yalipungua, na simu ikaita. Alikuwa Mzee Zebedayo, sauti imemkauka.

"Mwanangu, habari nimezipata leo. Maji yalituzingira huku, hata pa kuchaji simu hapakuwepo. Nitamwambia nini Danieli?"

"Mzee, usinitanie. Si ulikuwa hapa juzi, umevaa koti?"

"Nilikuwa wapi?"

"Hapa Chanzuru. Mama alikula kwa ajili yako."

"Sijatoka Munisagara tangu mvua zianze," akasema. "Huo si utani, mwanangu."

Mama mkubwa alikuwa anachagua mchele pembeni yangu, amesikia yote kwenye spika. Hakuinua kichwa. "Najua," akasema. Akafungua pindo la khanga yake, akanipa ufunguo, akanituma nikafungue sanduku la chuma chumbani. Koti la kijivu lilikuwemo, limekunjwa juu ya nguo nyingine. Nguo nyingine zilikuwa kavu. Koti lilikuwa bichi mabegani, na upindo wa chini una tope.

"Nililiweka humo mwenyewe siku ya mazishi," aliniambia niliporudi. "Ufunguo haujatoka kwenye khanga yangu. Nilipoona limevaliwa, nikajua ni nani."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa."

"Sasa mbona ulicheka, Mama? Mbona ulikula?"

"Aliniuliza, mwanangu. Miaka yote hiyo ananiuliza. Nisimjibu?"

Mzee Zebedayo alikuja mwenyewe baadaye, ametembea juu ya reli mpaka Kilosa, suruali imejaa matope magotini. Mama mkubwa akampa koti, kama inavyotakiwa. Akalivaa, akashuka uani, majirani wakasogeza vigoda tayari kucheka. Aliburuta mguu hatua chache tu, akasimama. Akakaa hivyo, mikono imening'inia. Kisha akalivua, akalikunja, akamrudishia Mama mkubwa kwa mikono miwili.

"Alichekwa?" akauliza.

"Alichekwa, mtani."

"Na wewe ulicheka?"

"Nilicheka mpaka nikalia."

"Basi kazi yangu ameshaifanya mwenyewe," akasema, na akaanza kulia. Mtani halii msibani. Nilikuwa sijawahi kuona, na sitamani kuona tena.

Mama mkubwa yupo mpaka leo. Kitochi ni chake sasa, na kila jioni anapiga nyumba moja baada ya nyingine, anauliza, anasema basi, anakata. Zebedayo aliacha kabisa kuigiza wafu. Akija msibani anakaa na wafiwa kama mtu mwingine yeyote. Mimi nimerudi Mikumi, gesti imejaa tena, lakini jioni simpokei mteja kabla sijala. Madereva wananicheka kwa hilo, wanasema mama gesti ana roho ya chakula. Nawaacha wacheke.

Na wewe unayenisikiliza, ukifiwa, hata kama nchi nzima imejifungia ndani, hata kama maji yamekata barabara, mtafute mtani wenu. Msubiri. Mfuate kwa miguu ikibidi. Usimfukie mtu wako bila kuchekwa, maana wetu tulimfukia hivyo, akainuka kuja kujiigiza mwenyewe kwenye msiba wake. Kama umeshakosea, na mchana mmoja akaingia uani kwako mtu aliyefunika uso, ananawa taratibu, usimwambie avue barakoa. Mletee chakula aone unakula.