Sauti Iliyowatangulia Wajomba

Ezéchiel Mukalay alikuwa msimamizi wa lango la ushirika wa wachimbaji madini, upande wa Mutoshi. Kazi yake ilikuwa kufungua, kufunga, na mara mojamoja kudanganya. Hiyo ya mwisho ilimkera, maana Jumapili alikuwa shemasi.

Uongo wenyewe ulitokana na desturi. Mwenye kilio haingii shimoni, kwa sababu moyo uliovunjika hausikii udongo unapoanza kulalamika. Tena habari ya msiba haitupwi kama jiwe. Wajomba huja, hukaa, huongea habari za barabara na mvua, ndipo husema. Kwa hiyo ndugu wakipata habari ya kifo, kwanza humpigia Ezéchiel. Yeye huandika kwenye kompyuta jina la mchimbaji na msiba uliompata, kompyuta inaikataa kadi ya mchimbaji huyo anapoigusisha langoni, taa nyekundu inawaka. Mwenye kadi akiuliza, Ezéchiel humjibu, "Mashine iko na homa, ngoja kidogo," huku akimvutia kiti.

Kisha Gael, kijana aliyesomea kompyuta Lubumbashi, akaleta msaidizi wa akili bandia. Sheria za lango zilikuwa tayari ndani ya mashine, zikifanya kazi kila siku: mvua kubwa, mashimo yanafungwa; mtoto, haingii; mwenye kilio, haingii. Gael alimuunganisha msaidizi nazo ili aweze kuziita. Mchimbaji anauliza kwa sauti kwenye simu iliyofungwa langoni, msaidizi anaiita sheria inayohusika kama mtu anavyomwita karani, sheria inatoa jibu, naye anamweleza muulizaji. Habuni kitu. Wachimbaji walimwita Madame.

"Madame, leo naingia?"

"Unaruhusiwa, Sadrack. Vaa kofia yako."

"Munasikia? Ananihurumia kupita muke yangu."

"Muke yako anakujua," akasema wa nyuma yake.

Ezéchiel alifurahi kuliko wote. Hatimaye ulimi wake ungepumzika.

Asubuhi moja akapigiwa simu na mzee Muamba, mjomba wa Stany, mmoja wa wachimbaji. "Dada yangu ametutoka, kule Dilolo. Muzuie mutoto. Niko njiani." Ezéchiel akaandika kama alivyoandika siku zote. Stany akafika na sepetu begani, anapiga mluzi. Taa ikawaka nyekundu.

"Tata Ezé, baba yetu, mashine iko na homa tena?"

Foleni ikacheka. Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Ezéchiel, lakini macho yake yakaangukia ile simu. Aendelee kujichafua kwa nini? Madame angemwambia tu asubiri, kama taa ilivyokuwa ikisema miaka yote.

"Mi sijui," alisema. "Uliza Madame."

"Madame, juu ya nini munanikatalia?"

"Stany, huruhusiwi kuingia shimoni leo, kwa sheria ya kilio. Sababu iliyoandikwa: mama yako mzazi amefariki Dilolo. Pole sana."

Sauti ilikuwa ileile, tamu, bila haraka.

Stany alianguka peke yake juu ya changarawe. Hakuna aliyemshika, maana hakuna aliyekuwa amejiandaa. Siku zote Ezéchiel alikuwa akiamini kwamba sheria haina ulimi mwingine zaidi ya taa.

"Ulijua," Stany alisema kutoka chini.

"Nilijua."

"Na ukaniambia niulize simu."

Gael alitoka ofisini mbio, akasimama, uso umempauka. "Ni mi nilimufundisha Madame kutoa sababu," alisema polepole. "Batu balikuwa banalalamika kama lango haielezi."

Palikosekana hata mtu mmoja wa kubebeshwa lawama yote. Wapo watakaosema: si ilikuwa kweli? Ilikuwa kweli. Lakini tangu lini binadamu akapewa kifo cha mama yake kama anavyopewa habari ya mvua? Mashine ilifundishwa kujibu kila aulizaye, na katika wasomi wote hakuna aliyeuliza ni neno gani lina mwenyewe wa kulisema. Huo si ufundi. Ni ukatili usio na nia mbaya, na maumivu yake hayapungui kwa hilo.

Pikipiki zikaingia. Muamba alishuka na wazee wawili, amevaa koti licha ya joto. Ezéchiel alianza kumwendea amwambie yaliyotokea. Stany akainuka, akajifuta vumbi usoni kwa fulana, akamshika Ezéchiel mkono.

"Usimwambie, tata. Ametoka na maneno yake mbali."

Akawakaribisha wazee kando ya ofisi, wakakaa. Muamba akaanza na barabara. Akauliza habari za mashimo.

"Mvua ilinyesha sana, mujomba," Stany alijibu. "Lakini tuko bazima."

Mzee akakohoa. Akasema habari za Dilolo, za dada yake, jinsi alivyougua ghafla. Sauti yake ikashuka, ikashuka tena, na mwishoni akalitamka lile neno.

Hapo ndipo Stany alipolia, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, na wajomba wakamdaka kabla hajafika chini.