Ewoi na Chumba cha Bati

Bati likianza kupata jua huwa linalia. Ta! Kisha kimya, kisha ta! tena upande mwingine, kama mtu anayekurushia kokoto ili akuudhi tu. Watu wengi wa Kakuma hata hawalisikii. Mimi mpaka leo, mtu mzima na akili zangu, nikilisikia mabega hunipanda yenyewe, kwa sababu lilipolia kaka yangu Ewoi aliziba masikio kwa viganja na kuanza kunisalimia kwa lugha yetu. "Ejok?" Nami nikajibu, "Ejok-noi." "Ejok?" "Ejok-noi." Nisipojibu, au nikijibu kwa sauti ya kuchoka, mambo yaliharibika. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu kuliko mama, na mimi nilikuwa darasa la nne.

Mwaka huo tulikuwa tumehama kutoka Lodwar. Kule tuliishi kwa bibi, karibu na mto Turkwel, katika kibanda cha majani ya mikoma, cha mviringo, ambacho wanawake wa kwetu hukijenga kwa mikono yao wenyewe. Ndani mlikuwa na giza la kupumzisha macho na harufu ya majani makavu. Ewoi hakuwa kijana kama wengine, lakini alikuwa mtulivu. Kazi yake kutwa nzima ilikuwa kuchana jani la mkoma nyuzi nyuzi na kuzipanga mchangani kwa urefu. Halafu mama akapata mahali pa kuuzia chai na mandazi sokoni Kakuma, akapanga chumba cha bati, na ukoo mzima ukampongeza. Nyumba ya bati! Shangazi alikuja kututembelea akaupapasa ukuta ule kama anayekagua ng'ombe wa mahari. Hakuna aliyewaza kwamba tumemtia kijana yule ndani ya debe.

Haikupita muda Ewoi akaanza kulipuka. Kunguru walitua juu ya paa, kucha zikikwaruza, naye akajipiga kichwa ukutani. Ukuta nao ukanguruma, akaziogopa kelele alizozifanya mwenyewe, akajipiga zaidi. Siku moja alichomoka mbio hadi barabara ya malori, wanaume wakamkamata wakidhani ni mwizi, wakamrudisha mdomo umevimba. Tangu hapo, mama alipokwenda sokoni alfajiri alifunga mlango kwa waya kwa nje, na mimi nikabaki ndani, kwa kuwa mkono wangu tu ndio ambao Ewoi alikubali umguse. "Ni siku chache tu, Akiru," aliniambia. "Nisipoenda sokoni tutakula nini?" Siku chache zikawa muhula. Kupitia tundu la msumari niliwaona wenzangu wakipita na sare zao, wakirudi saa za chakula, wakipita tena. Jasho lilinitiririka, ndoo ya haja ilinuka pembeni, na kaka yangu alinisalimia. Nilimpenda na nilikuwa nimemchoka, na vyote viwili havikuwa na pa kutokea.

Jirani yetu, Mama Nyibol, mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyeuza samaki wakavu, alituonea huruma. Jumapili moja akamshawishi mama aache biashara mchana ule. "Mama Ewoi, kijana yako iko na mzigo," alisema. "Sisi akina mama nakuja, naombea yeye, inaisha." Wakaja kwa nia njema kabisa, wakajaa chumbani, wakaimba na kupiga makofi, kisha wakamwekea mikono kichwani wote kwa pamoja. Sijawahi kusikia binadamu akipiga yowe namna ile. Ewoi alijiuma mkono mpaka ukatoa damu, na mimi nilikwama kati ya miili ya watu wazima nikipaza sauti "Ejok-noi! Ejok-noi!" wala hakunisikia. Mama akasimama katikati. "Asanteni, lakini tokeni." Mama Nyibol hakununa. Aliwatoa wenzake, akarudi na maji ya kuosha ule mkono, akayaweka mlangoni.

Tukabaki watatu, jua la saa nane juu yetu. Bati likalia, Ewoi akajikunyata. Likalia tena, akajikunyata tena. Mama alitazama juu, akamtazama yeye, akatazama juu. Hakuwahi kukaa mchana ndani ya chumba alicholipia kodi.

"Akiru, ni hii?"

"Ni hiyo, mama. Kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unaisikia."

Alikaa sakafuni akalia, nami nikalia kwa sababu hatimaye kulikuwa na mtu mwingine ndani. Kisha akampigia bibi simu, na haukupita muda mrefu lori la makaa kutoka Lodwar likatushushia mizigo ya majani ya mikoma. Mama akajenga kibanda uani, Mama Nyibol akimshikia fito. Wapangaji walicheka: mwenzao ana bati naye anarudi kwenye majani! "Chekeni," mama alisema, "mimi najengea mtoto nyumba." Ewoi aliingia, akachomoa jani moja ukutani, akaanza kulichana. Kesho yake nilivaa sare. Darasa letu nalo lilikuwa la bati, na lilipolia mara ya kwanza nilijibu "Ejok-noi" kwa nguvu, darasa zima likaangua kicheko.

Siku hizi hali hii inaitwa usonji, na hapa Lodwar, nilikorudi kuishi, nimekutana na wazazi wanaolitamka neno hilo bila kuinamisha kichwa. Ninafurahi kwa ajili yao, na ninawaonea wivu kwa niaba ya mama, aliyefariki bila kulijua. Ewoi ninaye mimi. Nyumba yangu ni ya mawe, na uani kuna kibanda cha majani ninachokijenga upya kila kikichakaa, kwa mikono, kama nilivyomwona mama. Fundi wa mlango nilimkataza kuweka komeo kwa nje. Mara mbili nimepata kazi nzuri Nairobi na mara mbili nimeikataa, watu wakiniuliza nani amenifunga. Hakuna aliyenifunga. Mlango uko wazi, kaka yangu ametulia kibandani anachana majani yake, na mara kwa mara ananisalimia. Basi siendi mbali kuliko sauti yangu inapofika.